Programu za wakimbizi zisijengwe bila vijana wa Goma

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mama amesimama juani na karata yake mkononi, mwandikishaji anatazama simu inayozunguka tu: mtandao umekatika, jina haliingii. Anaambiwa arudi kesho. Kesho ni saa mbili za mguu, na mtoto mgongoni.

Wenye programu hujitetea kwamba seva ziko mbali. Sababu hiyo haisimami. Amazon ina kituo cha seva Cape Town tangu 2020, na umbali huo simu huuvuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ubaya uko kwenye ujenzi. Simu ingeweza kuhifadhi jina kwanza, kisha ilitume mtandao ukirudi; ni ufundi wa kawaida kabisa. Kijana wa Goma angeudai siku ya kwanza, maana hapa watu wanakumbuka intaneti ilivyokatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Lakini yeye huitwa mwishoni, kutafsiri maneno ya kwenye skrini na kubeba simu!

Na orodha yenyewe? Kambi za kandokando ya mji zilivunjwa Februari 2025, familia zikatawanyika. Majina, vijiji na namba za simu haviondoki kwenye seva eti kambi imekwisha. Nani ana ufunguo? Sheria ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi, kwa hiyo familia ziulize kabla ya kutia kidole. Shirika lisiloweza kuwajibu kwa Kiswahili, mbele ya vijana wanaojua kazi hiyo, lisiwaandikishe.