Ndoana Yashinda Wavu Katika Mabwawa Yetu

Katika skimu nyingi za nyanda za juu yako mabwawa yaliyojengwa na walowezi kabla mashamba yao hayajagawanywa, kazi iliyoanza mwaka 1962 chini ya Mpango wa Ekari Milioni. Maji yake twanyweshea ng'ombe na kumwagilia mboga. Lakini juu ya samaki waliomo hatuna shauri moja. Wako wasemao kwamba blakibasi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mkubwa na mstari mweusi ubavuni, ni samaki wa mchezo wa Wazungu. Anakula ngege wetu, basi na aondolewe kwa wavu. Mimi nasema shauri hilo ni baya, nalo litatunyima kitoweo.

Sababu ni hii. Ngege huzaa upesi. Mama huyaweka mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na watoto wengi hupona. Bwawa likikosa wa kuwapunguza, ngege hujaa, chakula hakiwatoshi, nao hudumaa wakabaki kama kidole. Hapo utavuta wavu uliojaa samaki, na hata mmoja hafai kuingia sufuriani. Blakibasi ndiye anayewapunguza. Akila watoto wengi, waliobaki hupata nafasi ya kunenepa. Wavu haujui kuchagua. Huchukua mchungaji pamoja na kundi. Ndoana huchukua mmoja mmoja, na aliye mdogo waweza kumrudisha majini akiwa hai.

Wengine watajibu kwamba blakibasi hashikiki kwa ndoana. Hushikika, ila wengi humtafuta pasipo pake. Mtu hufika alfajiri, hutupa mshipi katikati ya bwawa, hukaa mpaka saa tatu, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Wakati wa baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, maji hupoa sana usiku, na blakibasi hushuka kwenye kina, karibu na ukuta wa bwawa. Joto la mwili wake hufuata lile la maji. Akipoa hana haja ya kula sana. Jua likipanda, maji haba ya kando hupata joto kwanza, hasa palipo na matope meusi chini. Samaki wadogo huja huko kuota joto, naye huwafuata.

Kwa hiyo, katika miezi hiyo na mwanzoni mwa Septemba, wakati mzuri ni saa sita mchana hadi saa kumi, siku ya jua, hasa kukiwa kumepita siku mbili tatu bila mvua. Tazama ukingo unaopigwa na jua, na ule ambao upepo unausukumia maji ya juu yaliyopata joto. Tena kumbuka kwamba samaki huyu huwinda kwa macho. Maji yakiwa mekundu kwa tope la mvua, afadhali ukapalilie viazi vyako.

Vifaa si vya gharama. Ufito wa mwanzi wa futi 10, mshipi wa nailoni, ndoana na chubwi dogo vyatosha. Chambo ni nyungunyungu, panzi, au ngege mdogo wa bwawa lilo hilo. Usitupe mbali. Tupa sambamba na ukingo, kando ya matete, mawe au mti ulioanguka majini, maana hapo ndipo anapojificha akingoja. Vuta polepole, kisha acha chambo kitulie kidogo, kisha vuta tena. Samaki mwenye baridi hafukuzi kitu kinachokimbia. Tembea taratibu, na kivuli chako kisianguke majini. Watoto wasiachwe peke yao ukingoni.

Lakini liko jambo moja ambalo mkulima mwema hatalifanya. Maji yakipata joto, blakibasi dume husafisha mahali pa duara kama sinia, chini ya maji haba karibu na ukingo. Jike hutaga hapo, na dume hubaki kulinda mayai, na hata watoto wakishaanguliwa. Wakati huo hauma kwa njaa. Huuma chochote kinachokaribia kiota chake. Ni rahisi sana kumvua. Ukimvua, samaki wengine wataingia na kumaliza mayai yote, na kwa mlo wa jioni moja utakuwa umekula samaki wa mwaka ujao. Ukiona sinia hilo, pita mbali.

Wala blakibasi asichukuliwe kutoka bwawani akatiwa mtoni au katika ziwa. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini, naye aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Ziwa hilo lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kisamaki kidogo sana, ambacho hakijaonekana tena tangu mwaka 1962. Wataalamu wengi wanadhani kililiwa na blakibasi. Mtumishi mwema bwawani huwa mwizi akiachiwa mto.

Basi shauri langu ni hili. Kila skimu yenye bwawa la shirika na iitishe mkutano, imwalike Bwana Samaki wa kaunti aeleze sheria na vibali, kisha wenyewe wapatane kipimo. Kwa mfano, blakibasi wawili kwa kila nyumba kwa juma. Wadogo warudishwe, na wale wakubwa sana pia, maana hao ndio wenye mayai mengi na ndio wawezao kumeza ngege waliokwisha kukua. Ngege wavuliwe zaidi. Wavu wa kukokota usiingie majini ila kwa idhini ya wote.

Bwawa ni kama ng'ombe wa maziwa. Anayemkama kila siku hula miaka mingi. Anayemchinja hula juma moja, kisha huanza kuomba kwa jirani.