Kiyoyozi hakili gesi

KILA mwaka inapoingia Septemba, jua la ukanda huu wa Ziwa Mweru huanza kutuchoma mpaka mvua zitakaposhika, na kila mwaka wimbo ni ule ule katika gereji zetu. Mwenye gari anafika akitokwa jasho, anasema kiyoyozi hakitoi baridi. Fundi anafunua boneti, anashika bomba moja kwa vidole viwili, kisha anatoa hukumu: “Bosi, ni gesi tu.” Mteja analipa, gesi inajazwa, baridi inarudi. Oktoba ya mwaka unaofuata, na mara nyingine kabla hata mwezi haujaisha, wawili hao wanakutana tena pale pale.

Ndugu msomaji, leo nataka tuyajadili maneno hayo mawili, “gesi tu”. Kwangu mimi huo ni ushuru ambao hakuna serikali iliyoutunga, si ya Zambia wala ya Kongo, lakini sisi tunaofanya biashara mpakani tunaulipa kila msimu wa joto bila hata risiti.

Gari linakula mafuta, linakula matairi, linakula breki. Kiyoyozi hakili gesi. Gesi iliyomo ndani yake ni ile ile inayozunguka mwaka hadi mwaka. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi ikapata moto. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ule wavu wa bati uliokaa mbele ya rejeta, ambako hewa ya nje huipoza mpaka inageuka kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye tundu dogo, inatanuka na kupoa ghafla ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa hapo ikatufikia usoni ikiwa baridi. Baada ya hapo gesi inarudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Katika safari hiyo yote hakuna mahali inapoungua. Ikipungua, imetoka. Na kama imetoka, pana tundu. Ni kweli kwamba mipira ya viungo huachia kidogo kidogo kwa miaka mingi, na gari lenye umri mkubwa linaweza kuhitaji kuongezewa. Lakini gari linalodai gesi kila mwaka linavuja, na kulijazia bila kutafuta panapovuja ni kutia maji kwenye pakacha.

Hasara haiishii kwenye bei ya gesi. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi hiyo. Gesi inapovuja, mafuta nayo yanatoka. Kompresa inabaki kusagana kavu, na siku ikikwama, vipande vya chuma vinasambaa kwenye mabomba na kondensa. Hapo tatizo la oringi ndogo ya mpira limegeuka kuwa mfumo mzima wa kununua.

Jirani yangu mmoja, mama anayenunua dagaa wa chisense hapa Kafutuma na kuwapeleka Copperbelt, alijaziwa gesi mara tatu katika msimu mmoja kwenye gereji ambayo sitaitaja. Mara ya nne kompresa ikakwama. Fundi mwingine alipoangalia, hakuhitaji hata mtambo: kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kimezungukwa na vumbi lililoloa mafuta. Hiyo ndiyo alama ya mvujo, na mtu yeyote mwenye macho angeiona tangu siku ya kwanza. Mtaji wa safari mbili za yule mama ukaishia kwenye kompresa iliyotumika.

Tena si kila kiyoyozi kilichochoka kimekosa gesi. Wanaopanga foleni Kasumbalesa au Nakonde wanalijua jambo hili kwa mwili wao: gari likitembea, baridi ipo, likisimama saa nzima kwenye foleni, joto linarudi. Gesi ingekuwa imekwisha, ingekuwa imekwisha hata barabarani. Mara nyingi hapo mkosaji ni feni ya mbele iliyokufa, au kondensa iliyozibwa na vumbi, majani na wadudu, kiasi kwamba gari lisipotembea hakuna upepo wa kuipoza. Dawa yake ni maji ya bomba yenye nguvu ndogo, injini ikiwa imepoa. Tusitumie ile mashine ya kuoshea malori, maana inakunja mapezi ya bati na kuziba kabisa.

Kama hewa inatoka baridi lakini kidogo sana, tazama filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi inakaa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, na unaweza kuitoa bila spana. Kwa sisi tunaobeba chisense, filta hiyo hujaa unga wa dagaa na vumbi haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ile harufu isiyoisha hata gari likioshwa mara nyingi inatoka humo. Na ukiona maji yanadondoka chini ya gari lililowashwa kiyoyozi, usihangaike. Huo ni unyevu wa hewa ya ziwani uliogandamana kwenye evaporeta. Hangaika pale maji hayo yasipodondoka nje, na zulia la miguuni likaloa.

Sasa, tukifika gereji tufanyeje? Napendekeza kila mwenye gari aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. La kwanza: panavuja wapi? Povu la sabuni hutosha kuonyesha mvujo mkubwa, na ipo rangi maalumu inayowaka chini ya taa ya kuonea mivujo midogo. La pili: utaivuta hewa kwa muda gani? Baada ya kuziba, ni lazima pampu ivute hewa na unyevu vyote vitoke, angalau nusu saa, kisha geji iangaliwe kama inasimama pale pale. Unyevu ukibaki, huganda na kuziba lile tundu dogo, au huchanganyika na mafuta ukatengeneza tindikali inayokula mfumo kutoka ndani. La tatu: unajaza gramu ngapi? Chini ya boneti ya magari mengi kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Gesi hupimwa kwa mizani. Hakuna “mpaka iwe baridi”, kwa kuwa gesi ikizidi, shinikizo hupanda na baridi hupungua, hasa siku ya joto kali.

Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo anauza gesi, hatengenezi kiyoyozi.

Liko jambo zito zaidi. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam yanatumia gesi iitwayo R134a, iliyochukua nafasi ya R12 katika miaka ya 1990 baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuamua kuilinda tabaka ya ozoni. R134a haili ozoni, lakini kilo moja ikiachiwa hewani inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Kwa kundi la nchi zinazoendelea tulimo sisi, ratiba ilisimamisha ongezeko mwaka 2024, itaanza kukata asilimia 10 mwaka 2029, na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. Maana yake kwa mtu wa Kafutuma ni rahisi: gesi hii haitakuwa nyingi kama zamani, na mahali penye uhaba, bidhaa bandia hazikawii.

Bandia hizo si mchezo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi bandia huko Vietnam yalilipuka na kuua wafanyakazi watatu. Na wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye magari kwa kuwa ni rahisi na inatoa baridi. Evaporeta inakaa ndani, karibu na magoti ya abiria. Ikitoboka, gesi ya jikoni inajaa mle mle alimokaa mtoto wako na yule abiria anayewasha sigara. Mtungi usio na maandishi ya kueleweka ukataliwe, hata kama bei yake inashawishi.

Najua wapo watakaonicheka. Watasema kiyoyozi ni anasa ya wakubwa, fungua madirisha uende zako. Siwalaumu, kwa kuwa wengi wetu tumekulia kwenye mitumbwi na baiskeli. Lakini ukitoka nje ya lami kwa madirisha wazi, vumbi linaingia kwenye mzigo na kwenye mapafu. Mvua zikianza Novemba na vioo vikajaa ukungu, kinachovikausha haraka ni kiyoyozi hicho hicho, na dereva asiyeona mbele hana habari ya anasa. Zaidi ya hapo, Oktoba na Novemba ndiyo miezi tunayokimbizana na samaki kabla uvuvi haujafungwa Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Dereva huyo huyo anakwenda na kurudi bila kupumzika. Joto humchosha mtu, na mchovu husinzia.

Nao wanaosema kiyoyozi ni cha starehe wasiwaache watoto ndani ya gari sokoni. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2005 utafiti ulioonyesha kwamba ndani ya saa moja gari lililofungwa juani hupanda joto kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia. Hata gari lenye kiyoyozi kizima, ukirudi fungua milango yote kwanza, tembea kidogo na madirisha wazi joto litoke, ndipo ufunge na kuzungusha hewa ya ndani.

Neno kwa ndugu zetu wanaorejea. Tangu Desemba 2021 tumewaona majirani wa Mantapala wakirudi Pweto, kama wale wa kambi za Kala na Mwange walivyorudi Kongo katika miaka ya 2000. Aliyejaliwa kuweka akiba na kununua gari la kubebea abiria huambiwa na muuzaji: “Kila kitu kizima, kiyoyozi kinataka gesi tu.” Akikuambia hivyo, mjibu kwa heshima: basi ijaze wewe, nami nitarudi baada ya wiki mbili. Ukilijaribu, lijaribu mchana, limesimama juani, kwa dakika kumi, wala usiridhike na baridi ya asubuhi. Na ukishalinunua, liwashe kiyoyozi dakika chache kila wiki hata Juni na Julai kwenye baridi, ili mafuta yazunguke na mipira isikauke.

Mafundi wetu nao tusiwabebeshe lawama yote. Wengi hawana pampu wala mizani, na sisi wateja tunabisha bei ya kazi lakini hatubishi bei ya gesi. Tunachokilipia ndicho tunachokipata. Vikundi vya wafanyabiashara wa hapa Kafutuma na Kashikishi hukopeshana fedha za nyavu, barafu na nauli. Vinaweza pia kuchanga kununua pampu moja ya kuvuta hewa, geji na mizani, na kumpeleka kijana mmoja mwenye bidii akajifunze kazi hiyo vizuri. Kifaa hicho kikihudumia magari yetu yote kwa misimu miwili tu, kitakuwa kimezuia kompresa nyingi kufa.

Joto hatuna mamlaka nalo, litakuja kila Septemba. Lakini siku fundi atakaposema “ni gesi tu”, tuwe na ujasiri wa kumuuliza: imetokea wapi?