Msandali Hautaokolewa kwa Miche Pacha

Tangu Kenya ipige marufuku uvunaji wa msandali mwaka 2007, na hata baada ya mti huo wa Afrika Mashariki kuingizwa mwaka 2013 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, shehena za magendo zimeendelea kunaswa Samburu na kwingineko. Mafuta ya manukato yamo kwenye kiini cha shina na mizizini, hivyo mvunaji hakati mti, anaung'oa. Hakuna kisiki kinachobaki kuchipua. Mbegu nazo ni adimu palipovunwa, tena huota kwa shida. Ndiyo maana wazo la kuzalisha miche maabarani, kwa kukuza vipande vya chipukizi ndani ya chupa zenye virutubisho na homoni, lina uzito.

Hata hivyo, miche elfu iliyotokana na chipukizi la mti mmoja ni mti uleule mara elfu. Ugonjwa unaouua mmoja unaweza kuimaliza yote. Msandali una mitego zaidi. Jike na dume ni miti tofauti, kwa hiyo shamba lililotokana na mama mmoja halitajizalisha kwa mbegu. Aidha, mizizi yake hunyonya maji na madini kwenye mizizi ya mimea jirani. Ukiupanda peke yake umeutelekeza. Kazi ya maabara basi inaanzia porini: kukusanya vikonyo kwa miti mingi, ya jinsia zote mbili, kutoka maeneo mbalimbali, na kuandika kila kimoja kilikotoka.

Wapo watakaosema Kenya, iliyojiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, haina muda wa uangalifu huo. Lakini mukau, mti mwingine wa maeneo makavu, unawajibu. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, ikishirikiana na JICA, shirika la maendeleo la Japani, ilichagua miti bora porini, ikabebesha vikonyo vyake kwenye miche na kuanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Leo mkulima anapata mbegu bora zenye wazazi wengi. Wanaolalamikia gharama za maabara wana haki kiasi: mbegu zinapopatikana, kitalu cha kijiji kinatosha. Chupa zitengewe maeneo ambako msandali umebaki mmoja mmoja, na kabla ya kuzinunua, Serikali iihesabu miti mama iliyosalia na kuwalipa wanakijiji wailinde.