2, 4, 8, __ : Mtoto Akiandika 14, Kosa ni la Nani?

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya seva na programu za simu. Kuna swali moja la hesabu ambalo limeleta ubishi mkubwa kwetu nyumbani, na nadhani wazazi wengi mtalitambua.

Mpwa wangu ana miaka 9. Alipelekwa kufanya mtihani wa kuingia Gredi ya 4 katika shule moja ya kibinafsi, ule tunaouita intavyu ingawa mtoto haulizwi neno hata moja kwa mdomo. Swali lenyewe lilikuwa hivi: 2, 4, 8, __. Yeye akaandika 14. Mwongozo wa kusahihisha ulisema 16. Akapigwa kosa, na mama yake akaambiwa kwamba mtoto hajui kufikiri kwa mpangilio.

Nilimwuliza amepataje 14. Akanijibu bila kusita: "Kutoka 2 mpaka 4 nimeongeza 2. Kutoka 4 mpaka 8 nimeongeza 4. Sasa naongeza 6." Jamani, kama huko si kufikiri kwa mpangilio, ni nini basi?

Msimamo wangu ni huu: swali la namna hii, lenye nambari 3 tu na lisilompa mtoto nafasi ya kueleza kanuni yake, halipimi hesabu. Linapima kama mtoto amewahi kuliona swali lile lile mahali pengine.

Tuanze na 16. Ni jibu zuri, silikatai. Kila nambari inazidishwa kwa 2. Sisi watu wa kompyuta tunaishi na mfuatano huo: flashi za GB 2, 4, 8, 16, na kuendelea.

Sasa twende kwa 14. Chukua kalamu, karatasi na glasi ya kuchorea maduara. Chora duara moja: karatasi imegawanyika sehemu 2, ndani na nje. Chora la pili likatane na la kwanza: sehemu 4. La tatu likatane na yote mawili: sehemu 8. Je, la nne? Jaribu utakavyo, hutapata zaidi ya 14. Sababu ni kwamba duara la nne linaweza kukatana na kila moja ya yale matatu mahali 2 tu. Hiyo inafanya makutano 6, nayo yanaligawa duara hilo jipya vipande 6, na kila kipande kinaongeza sehemu 1. Jumlisha 8 na 6.

Waliosoma seti shuleni wanaijua michoro ya John Venn, Mwingereza aliyeieleza mwaka 1880. Ya seti 3 huchorwa kwa maduara 3. Ya seti 4 inahitaji sehemu 16, na maduara 4 hayafikishi, ndiyo maana Venn mwenyewe alitumia maumbo marefu kama yai. Kwa hivyo 2, 4, 8, 14 si ndoto ya mtoto wa miaka 9. Ni hesabu halali, ina kanuni yake na ina kazi yake.

Tena si hizo mbili tu. Nipe nambari yoyote uipendayo, hata 1,000, nami nitakutafutia kanuni inayoanza na 2, 4, 8 halafu ikafika 1,000. Njia ya kufanya hivyo ina jina la Lagrange, mwanahisabati aliyefariki mwaka 1813, na leo kompyuta yoyote inaifanya kufumba na kufumbua. Nambari 3 haziwezi kuufunga mfuatano. Mteja akinipa mifano 3 na kuniambia nimalizie programu, ninamrudia nimwulize anataka nini hasa. Mtoto kwenye chumba cha mtihani hana wa kumwuliza.

Najua kuna mwalimu atakayesema: tunataka jibu rahisi kuliko yote. Sawa, lakini nani ameamua kwamba kuzidisha kwa 2 ni rahisi kuliko kuongeza 2, kisha 4, kisha 6? Mwingine atasema hana muda wa kusoma maelezo ya watoto wote. Hilo naliheshimu. Basi aongeze nambari moja tu: 2, 4, 8, 16, __. Papo hapo 14 inakufa, na mtoto anajua njia ni ipi. Marekebisho hayo hayana gharama yoyote.

Kumbukeni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazizuia shule za umma kutumia mtihani ili kumpokea au kumkataa mtoto, isipokuwa mtihani wa kujua aingie kiwango gani. Shule za kibinafsi zinaendelea kutahini, na mzazi anaogopa kuuliza maswali asije akaonekana msumbufu. Mimi nasema uliza. Omba kuiona karatasi, kisha mwulize mtoto alifikaje kwenye jibu lake, kabla hujakubali kuambiwa kwamba ni mzito.

Lakini mtihani upo na mtoto ataufanya, kwa hivyo tumsaidieje? Mimi na mpwa wangu tunafuata njia hii.

Kwanza, tafuta tofauti. Katika 5, 8, 11, 14 tofauti ni 3 kila mara, basi inayofuata ni 17. Tofauti zisipolingana, tafuta tofauti za tofauti. Katika 1, 4, 9, 16, 25 tofauti ni 3, 5, 7, 9, na kila moja inazidi iliyotangulia kwa 2. Inayofuata ni 11, kwa hivyo jibu ni 36. Msiidharau njia hii. Charles Babbage alitegemea tofauti aliposanifu mashine yake ya kukokotoa katika miaka ya 1820, maana inageuza hesabu ngumu kuwa kujumlisha tu. Jumba la makumbusho ya sayansi la London lilimaliza kujenga sehemu ya kukokotoa ya mashine yake ya pili mwaka 1991, na inafanya kazi.

Pili, nambari zikikua kwa kasi, gawanya kila moja kwa iliyotangulia. Katika 3, 6, 12, 24 unapata 2 kila mara, basi jibu ni 48.

Tatu, zikipanda na kushuka, huenda kuna mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Katika 1, 10, 2, 20, 3, 30, soma ukiruka moja moja, utaona inayofuata ni 4.

Nne, jaribu kujumlisha mbili zilizotangulia. 1, 1, 2, 3, 5, 8 inakupeleka 13.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo wazazi wengi wanairuka. Mtoto aiseme kanuni yake kwa maneno, kisha aijaribu kwenye kila nambari aliyopewa, kuanzia ya kwanza. Kanuni isiyofaa kwa nambari zote inatupwa. Kanuni mbili zikifaa, ajue kwamba watahini hupenda kuzidisha kwa 2, aandike jibu hilo, na pembeni aandike kanuni aliyotumia. Lakini mwambieni ukweli: lile jibu lingine halikuwa upumbavu. Kupata alama ni jambo moja, kujua hesabu ni jambo jingine, na mtoto wa miaka 9 anaweza kuelewa tofauti hiyo.

Tafadhali msimnunulie mkururo wa karatasi zenye mifuatano 200 akariri. Niliandika programu fupi ya Python inayotumia njia hizo nne, nayo inajibu mifuatano ya namna hiyo kabla hujanyanyua kalamu. Kama jibu tupu linatolewa na programu ya jioni moja, basi thamani ya mtoto iko kwenye maelezo yake.

Haya, zoezi lenu la wiki: 1, 2, 4, 8, 16, __. Kabla hujaandika 32, chora duara kubwa, weka nukta 6 kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, na uhakikishe mistari mitatu haikutani mahali pamoja. Kisha uhesabu vipande vilivyo ndani, polepole.