Boti Ikigonga Mwamba, Tuambieni!

Kuna kauli moja ya manahodha wetu ambayo imenichosha: "Hakuna tatizo." Boti inapanda mwamba, abiria wanarushwa mbele, watoto wanalia, na nahodha anageuka huku anatabasamu. "Hakuna tatizo, tulieni." Jamani, amejuaje? Amechungulia chini?

Hebu tupige hesabu kidogo. Tundu lenye upana wa sentimita 5 tu, nusu mita chini ya usawa wa bahari, linaingiza zaidi ya lita 200 za maji kwa dakika. Hizo ni ndoo 10 kubwa, kila dakika inayopita. Nani ana mikono ya kukumba maji kiasi hicho? Ndiyo maana dakika za mwanzo ni za kuvaa maboya, kuhesabu watu, kufunua mbao za chini na kuziba kwa chochote kilichopo, iwe khanga, iwe godoro. Watu wahamie upande wa pili ili tundu linyanyuke. Na kama tundu ni kubwa, usikimbilie kujinasua: huenda mwamba huo huo ndio uliokushika usizame.

Mnaikumbuka Costa Concordia? Usiku wa Januari 13, 2012, meli hiyo ya Italia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Ubavu ukapasuka kwa zaidi ya mita 50. Watu wa usalama wa bahari walipouliza kulikoni, wakajibiwa kwamba umeme umekatika! Amri ya kuhama meli ilitolewa zaidi ya saa nzima baada ya kugonga, na kisiwa kiko pale pale. Watu 32 walikufa. Mwaka 2015 nahodha Francesco Schettino alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Mimi naona ile saa moja ina lawama kuliko mwamba wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Niliwahi kupanda boti ya faiba kutoka kisiwa kimoja kidogo kurudi Unguja, maji yakiwa yanakupwa. Tukasikia kishindo, kisha mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu. Nahodha akasema tumegusa mchanga. Mchanga gani unakwaruza vile? Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, funua ubao tuone." Ubao ulipofunuliwa, maji yalikuwa yanapanda. Tulikumba kwa zamu hadi pwani, tukafika salama.

Pale pwani nikamuuliza baharia kwa nini hawakusema mapema. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Kaka, matengenezo yanakatwa kwenye posho zetu." Asubuhi yake boti ile ile ilikuwa inapakia abiria.

Nikaacha kumlaumu nahodha peke yake. Kama kusema kweli kunakula ujira wa wiki nzima, wangapi kati yetu tungesema? Mwenye boti amekaa nyumbani, hajalowa hata unyayo, lakini yeye ndiye anayeamua kitakachosemwa baharini.

Na faiba ina udanganyifu wake. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ikagusa mwamba ikanepa. Faiba haina subira hiyo. Nje utaona mchubuko tu, ndani matabaka yameachana na maji yanajipenyeza. Ukipaka resini juu ya unyevu, kiraka hakishiki. Lazima chombo kipandishwe, kikauke, kikwanguliwe mpaka pale palipo pazima. Hiyo si kazi ya usiku mmoja!

Tanzania Bara ina TASAC tangu 2018, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Ukaguzi wa vyeti ni mzuri, lakini cheti cha mwezi wa tatu hakisemi chochote kuhusu mwamba wa jana jioni. Ninachotaka ni hiki: nahodha akitoa taarifa kwamba amegonga, asikatwe hata senti. Akificha, anyang'anywe leseni, na mwenye boti afikishwe mahakamani pamoja naye. Chombo kisiguse maji mpaka fundi aandike jina lake kwenye karatasi kwamba amekiangalia kwa macho yake, na karatasi hiyo ibandikwe pale tunapolipia nauli.