Muhula ukiisha, kura ipigwe: hata mu sendika



Mwaka 2016 vijana wa inchi hii waliingia barabarani juu ya jambo moja rahisi: muhula wa prezidenti ulikuwa unaisha na uchaguzi haukuitishwa. Wakubwa walikuwa na jina lao la Kifaransa. Sisi tulisema wanateleza. Kura ilikuja kupigwa tarehe 30 Desemba 2018, miaka miwili nyuma ya saa yake. Mbele ya siku hiyo watu walikufa na wengine wengi walifungwa. Tangu hapo kila kijana wa muji anajua kanuni: muhula ukiisha unatoka, ao unarudi kwa kura.

Basi niulize. Delege wa sendika kule baba yako anatumika, muhula wake uliisha lini? Wale wanaosema kwa jina la walimu wa mudogo wako, walichaguliwa na nani, siku gani, kwa kura ngapi? Uliza nyumbani leo magaribi. Wengi watakujibu kwa kicheko: "Eh, bale? Tulibakuta paka pale."

Mawazo yangu ni haya: hatuwezi kudai uchaguzi safi kule juu Kinshasa na huku chini tukakubali viongozi wanaoteleza. Mutu anajifunza kuiba kura mu vitu vidogo. Vilevile, mutu anajifunza kulinda kura mu vitu vidogo.

Mwingine atasema: "Miye sina kazi, mambo ya sendika inanihusu nini?" Najua swali hilo, juu diplome yangu pia iko inalala mu farde. Lakini tuangalie vizuri. Kazi ya kwanza kijana anapata leo, mara nyingi ni ya kutwa, ao ya kupitia kompani ndogo inayotumikia kompani kubwa. Mushahara wa kazi hiyo, masaa yake, matunzo ukiumia, vyote vinapangwa na watu waliokaa kwenye meza mbele yako kufika. Ukifika, unakuta wamekwisha kutia sahihi.

Niliwahi kutumika miezi mitatu mu kompani moja ya namna hiyo. Siku ya tatu walituonyesha bwana mmoja: "Huyu njo delege wenu." Nikauliza wazee wa pale kura ilipigwa lini, hakuna aliyekumbuka. Masaa ya nyongeza yalipoacha kulipwa, delege akatuambia tuvumilie, kazi ni kidogo. Pengine hakuwa mutu mubaya. Shida ni kwamba hakuwa na sababu ya kutuogopa: hatukumuweka, na hatungeweza kumutoa. Aliyemuweka njo aliyemusikiliza.

Na sahihi ya mutu sawa huyo inaweza kubeba maisha ya jamaa mingi. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kutoa wafanyakazi 10,655 mu mupango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa feza za Benki ya Dunia. Miaka mingi nyuma yake, wengi wao walikuwa wangali wanadai kwamba walichopewa hakikulingana na miaka waliyotumika. Hapa Lubumbashi hadisi hiyo iko mu nyumba nyingi. Siku karatasi sawa ile inawekwa kwenye meza, lazima ijulikane mwenye kushika biki upande wa wafanyakazi ametumwa na nani.

Muji huu unajua bei ya jambo hilo. Desemba 1941, wakati ulikuwa unaitwa Élisabethville, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma kudai mushahara. Mukoloni hakuwapa haki ya sendika, lakini walipata watu wa kuwasemea. Mumoja wao, Léonard Mpoyi, aliuawa kwa risasi tarehe 9 Desemba kwenye uwanja wa mupira, na askari wakafyatulia watu, makumi walikufa. Yule hakuhitaji kiti wala motokari ya sendika. Alisimama juu wenzake walikuwa nyuma yake.

Halafu, mwaka 1967, chini ya Mobutu, sendika zote zikaunganishwa kuwa moja tu, na ikafungwa mu mukono wa chama cha MPR. Mpaka 1990, miaka 23, kiongozi wa sendika aliangalia juu kwa chama, hakuangalia chini kwa wafanyakazi. Sendika moja iliisha, tabia ilibaki. Leo tuko na sendika nyingi, na kati yao kuna za mukoba: mutu mmoja, muhuri mmoja, karatasi za kichwa, wanachama hawaonekane. Lakini siku ya mazungumuzo na Leta, yule wa mukoba naye anakaa kwenye kiti na anachukua transporti yake.

Sheria yetu haikubali hayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 38, inalinda uhuru wa sendika kwa Wakongomani wote. Kifungu cha 39 inalinda haki ya kugoma. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wafanyakazi wa kompani wanawakilishwa na madelege waliochaguliwa. Waliochaguliwa, si walioonyeshwa kwa kidole. Inakataza patro kuingiza mukono wala feza ili sendika iwe chini yake. Tena inalinda delege: patro hawezi kumufukuza bila ruhusa ya Inspekta wa Kazi. Fikirini kidogo: hiyo ni ngao kubwa. Ngao hiyo ilitengenezwa ili delege aseme ukweli bila woga. Ikivaliwa na mutu ambaye hakuna aliyemuchagua, inamulinda yeye peke yake.

Sasa, kura ya sendika inaibiwa namna gani? Mara nyingi hakuna sanduku linalobebwa usiku. Inaibiwa polepole, mbele ya macho ya watu.

Inaanza na liste. Siku tatu mbele ya uchaguzi, majina yanafutwa: huyu hakulipa muchango, yule amehamishwa kituo. Na upande mwingine, wale wa kiongozi wanalipiwa deni lao lote mu siku moja. Kama liste haikubandikwa mapema mahali kila mutu anaona, uchaguzi umekwisha mbele ya kuanza.

Inafuata tume. Anayesimamia kura ni sekretere wa yule anayegombea, ao yeye mwenyewe anagombea. Hapo refa amevaa maillot ya ekipe moja.

Halafu tarehe na mahali. Mukutano unaitishwa saa nne za asubui siku ya kazi, wakati wa zamu ya usiku wamelala na wa zamu ya muchana wako chini ya ardhi. Wanafika 30, wanapiga makofi, na karatasi inaandika kwamba wafanyakazi wote "wamekubali kwa sauti moja". Makofi si kura. Kuinua mukono mbele ya shefu wako pia si kura. Ni kutaja jina lako kwa yule anayeweza kukunyima zamu nzuri.

Inakuja feza. Bia, tisheti, na bahasha ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi. Kama ilitoka kwa patro, ujue tayari nani atasemewa. Kama ilitoka mu kasha la sendika, basi mupinzani anapigwa kwa muchango aliolipa yeye mwenyewe.

Mwisho ni kuhesabu. Karatasi zinabebwa ofisini, mulango unafungwa, nyuma ya masaa mawili wanatoka na jina. Tunalijua hilo vizuri. Mwaka 2018 CENCO iliweka waangalizi karibu 40,000 inchi nzima, na njo maana watu wengi walikuwa na hesabu yao wenyewe wakati matokeo yalisomwa. Mutu aliyeona karatasi zikihesabiwa ni nguvu ambayo muhuri hauwezi kufuta.

Kama munafikiri haya ni mambo madogo, tuangalie mbali kidogo. Marekani kuna sendika ya wafanyakazi wa magari, UAW. Ni viwanda vile ambavyo leo vinatafuta kobalti kwa betri za magari ya umeme, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Kwa zaidi ya miaka 70 kundi moja lilishika uongozi wa UAW, juu wajumbe wa kongamano njo walikuwa wanachagua prezidenti, si wanachama wenyewe. Matokeo yake: wakubwa walikula feza za wanachama, mpaka maprezidenti wawili wa zamani wakafungwa. Mwaka 2021 wanachama waliulizwa kama wanataka mwanachama mmoja, kura moja. Karibu 64 kwa mia walisema ndiyo. Machi 2023 Shawn Fain akashinda muzunguko wa pili kwa tofauti ya kura 483 tu. Septemba ya mwaka huo wakagomea kompani tatu kubwa kwa wakati mumoja, na wakatoka na nyongeza ya mushahara ya 25 kwa mia mu mukataba wa miaka minne na nusu.

Kura 483, mu sendika ya watu mamia ya maelfu. Kiongozi aliyeingia kwa mulango mwembamba hivyo anajua deni lake liko kwa nani. Na haikutoka mbinguni: tangu 1959 sheria yao inataka sendika ya mahali ichague viongozi angalau kila miaka mitatu, kwa kura ya siri, na inakataza feza ya patro na feza ya sendika mu kampeni.

Kuna wenye watasema: "Tukianza mambo ya uchaguzi tutagawanyika, patro atacheka." Mimi naona kinyume. Patro anacheka leo, juu anajua delege hana watu nyuma yake. Sendika inayoitisha mugomo na kuuvunja bila kuuliza wanachama imekwisha kugawanyika. Walioshindwa mu kura safi wanabaki ndani na wanangoja muhula unaofuata. Walioibiwa wanatoka na kuanzisha sendika yao, na hivyo tunazidi kuwa na mihuri mingi na nguvu kidogo.

Wengine watasema: "Basi Leta ije isimamie, ituwekee viongozi wazuri." Hapana. Mapatano namba 87 ya Shirika la Kimataifa la Kazi, ambayo inchi yetu iliridhia, inasema sendika zinajiandikia kanuni zao na kujichagulia viongozi kwa uhuru, bila serikali kuingilia. Inspekta na tribinali wana kazi yao wakati sheria imevunjwa. Kumuchagua kiongozi si kazi yao. Na sisi vijana wa mouvement pia si kazi yetu: hatuna kandida mu sendika yoyote, na anayetumia jina letu kwa kampeni anadanganya. Tunachodai ni njia, jina la mushindi ni la wanachama.

Njo maana tunaomba sendika zote za muji huu, kubwa na ndogo:

1. Zitangaze mbele ya watu tarehe ya uchaguzi wa mwisho na tarehe muhula unaisha.
2. Liste ya wapiga kura ibandikwe mapema, na kila mutu apewe siku za kulalamika jina lake likikosa.
3. Tume ya uchaguzi isiwe na mugombea hata mumoja.
4. Kura iwe ya siri, kwa karatasi, na kila zamu ipewe saa yake ya kupiga.
5. Hakuna franka ya patro wala ya kasha la sendika mu kampeni ya mutu.
6. Karatasi zihesabiwe palepale, mbele ya mashahidi wa kila mugombea. Kila shahidi abaki na kopi yenye sahihi, na ingine ibandikwe ukutani.
7. Malalamiko yajibiwe kwa maandishi mu siku zilizopangwa na kanuni, na kiongozi anayetoka akabidhi vitabu vya feza, muhuri na funguo mbele ya wanachama.

Hakuna hata jambo moja hapo linahitaji mamilioni. Karatasi, sanduku la mbao, kufuli na watu wenye macho, basi.

Na wewe unayesoma? Kama unatumika, omba kanuni za sendika yako uzisome. Ni haki yako, unalipa muchango. Kama hutumiki, saidia muzee wako kuandika barua ya kuziomba. Kama liste inabandikwa, nenda uangalie jina lake, piga foto. Siku ya kuhesabu, akiruhusiwa kubaki, abaki mpaka karatasi ya mwisho. Bila matusi, bila mawe, bila kufunga mukutano wa mutu. Na swali lilelile mutuulize sisi pia, muulize na komite za wanafunzi na za kartie: muhula wenu unaisha lini?

Kiongozi anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.