Tuachieni kazi zetu

Miaka miwili iliyopita, mdogo wangu akiwa Gredi ya 4, alirudi nyumbani hapa Voi na agizo la mwalimu: kila mwanafunzi alete sanamu la kutishia ndege shambani, siku ya mwisho Ijumaa. Alipewa siku tatu. Alhamisi usiku sanamu lilikuwa limesimama sebuleni kwetu, limevishwa shati la Baba la kazini, kichwa chake cha gunia kimejazwa nyasi na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Lilikuwa sanamu zuri. Baba alilimaliza saa tano usiku. Mdogo wangu alikuwa amelala tangu saa mbili.

Wiki hiyo nilikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, kwa hiyo asubuhi nilimsaidia kulibeba hadi shuleni. Masanamu yalikuwa yamepangwa chini ya mwarubaini, yapata hamsini. Nilipita nikitazama mishono. Moja lilikuwa na fremu ya chuma iliyochomelewa. Jingine lilikuwa na macho ya vifuniko vya soda yaliyopigwa misumari kwa ustadi wa seremala. Mama mmoja alituambia waziwazi kwamba la mwanawe amelinunua kwa fundi wa jua kali, kwa kuwa yeye hutoka kazini usiku na hakuwa na namna. Nilitafuta sanamu moja tu lililopinda, lenye mshono mbaya wa mtoto wa miaka kumi. Sikuliona.

Nyanya yetu analima Sagalla, karibu na mji huu: mahindi, pojo na mbaazi. Ndege humsumbua, lakini mwenye kumaliza shamba lake kwa usiku mmoja ni ndovu anayetoka upande wa Tsavo. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima wa huko huzungushia mashamba yao waya na kuning'iniza mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya mita kama kumi. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye ndovu huwaogopa nyuki kweli. Utafiti wa ua wa namna hiyo umefanywa hapo hapo Sagalla kwa miaka mingi, ukiongozwa na Dkt. Lucy King wa shirika la Save the Elephants. Jirani ya Nyanya ana ua kama huo. Mdogo wangu huuzunguka kila likizo akihesabu mizinga, na ameshaumwa na nyuki zaidi ya mara moja.

Basi jioni alipoleta agizo la sanamu, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba, ndovu anaogopa shati?"

Hakujibiwa. Kazi ilikuwa ya kukabidhiwa Ijumaa. Lakini yeye, kabla ya kulala ile Alhamisi, alikuwa ameketi sakafuni na kipande cha katoni. Alichomeka vijiti pembezoni, akafunga waya mwembamba kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye waya akaning'iniza viberiti vitupu kumi na viwili. Katikati alichora mahindi. Chini aliandika kwa kalamu ya wino, herufi zikipanda na kushuka, kwamba ndovu akigusa hapa nyuki watatoka pale. Aliitia katoni hiyo mkobani, akaenda nayo shuleni.

Mwalimu alilitazama sanamu la Baba na kuandika "kufikia matarajio". Alipoonyeshwa katoni alisema hilo halikuwa swali. Mdogo wangu alirudi nayo nyumbani, viberiti vinne vimepondwa na vitabu. Hadi leo ipo juu ya kabati la Mama.

Simlaumu yule mwalimu. Ana watoto zaidi ya hamsini na fomu ya kujaza kwa kila mmoja, na fomu iliuliza sanamu. Simlaumu Baba pia. Alikuwa amechoka, akakubali kukesha ili mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Ninachosema ni kwamba siku ile darasa zima lilipewa alama za kazi ya wazazi, na kazi moja niliyoiona kwa macho yangu ikifanywa na mtoto, aliyoiwazia mwenyewe kutokana na shamba la nyanya yake, haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Na tangu siku ile amebadilika. Akipewa mradi, huuweka mezani na kumngoja Baba. Picha za kubandika tunazichapisha saiba, maelezo anayaandika Mama, yeye anakata kwa makasi. Alama zake zimepanda.

Mimi niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana. Sisi ndio darasa la mwisho la 8-4-4: tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yetu ya 2027 ndiyo itakayoufunga mfumo ulioanza 1985. Mtaala wa umilisi ulipoingia mwaka 2019 niliwaonea wivu wadogo zetu, kwa sababu waliahidiwa kujifunza kwa kutenda, na sisi tulikuwa tukinakili ubaoni. Kwa hiyo siandiki ili kuukashifu mtaala wao. Ninaandika kwa sababu jambo lililompata mdogo wangu kwenye sanamu limenipata mimi kwenye vitabu, na nimegundua ni jambo lile lile.

Vitabu vyetu teule vya Kiswahili ni vitatu: tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Siku tulipoambiwa tununue tamthilia, tuliambiwa tununue na mwongozo wake. Pesa nilizokuwa nazo zilitosha kimoja. Nilinunua mwongozo. Wenzangu wengi walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Asiyeijua karatasi ya tatu ya Kiswahili nimweleze. Unaweza kupewa maneno machache yaliyonukuliwa kitabuni, kisha uulizwe muktadha wa dondoo hilo kwa alama nne. Alama nne ni vitu vinne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Usiku bwenini, taa zikishazimwa, tulikuwa tukiulizana kwa kunong'ona. Mmoja anataja dondoo, mwingine anajibu vitu vinne kama anayesoma nambari ya simu. Nilikuwa hodari sana. Katika jaribio la kwanza nilipata 17 kwa 20, na mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa. Wakati huo nilikuwa nimesoma kurasa kumi na moja tu za tamthilia yenyewe.

Halafu muhula huo huo kikundi cha waigizaji kikaja shuleni kutuigizia tamthilia hiyo. Meza za bwalo zilisukumwa ukutani, tukaketi sakafuni, wapishi wakasimama mlangoni. Yona alipoingia akipepesuka, bwalo zima lilicheka, kwa kuwa kijana aliyemwigiza alikuwa hodari wa kuyumba. Aliyeigiza Sara, mke wa Yona, hakusema kitu. Alimtazama tu. Akaendelea kumtazama mpaka kicheko kikafa chenyewe, kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma. Nikageuka kumwambia kitu mwenzangu wa dawati, nikaona ameinamisha kichwa magotini. Usiku aliniambia kwamba baba yake huingia nyumbani vile vile, na kwamba mama yake humtazama vile vile.

Kwenye mwongozo wangu Yona alikuwa na sifa zilizowekwa nambari, na ulevi ulikuwa nambari ya pili. Niliijua kwa kichwa. Sikuwa nimewahi kumwaza mtu anayeketi kumngoja. Na rafiki yangu, ambaye kila usiku bwenini alikuwa akinijibu vitu vinne bila kukosea, alikuwa ameishi ndani ya tamthilia yenyewe muhula mzima bila mmoja wetu kujua, kwa sababu hakuna swali hata moja lililotulazimisha kuifungua.

Nikaazima tamthilia, nikaisoma mwanzo hadi mwisho katika preps mbili. Nakiri ilinichosha mahali fulani na kuna sehemu sikuielewa. Lakini kutoelewa huko kulikuwa kwangu mwenyewe, na nilikuwa na swali la kumuuliza mwalimu ambalo halimo mwongozoni. Nilimuuliza. Alifurahi waziwazi, tukazungumza dakika kama tano, kisha akatazama saa akasema turudi kwenye silabasi. Kipindi ni dakika arobaini.

Likizo ya Desemba nilipata Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kwenye rafu ya dada yangu, aliyefanya KCSE mwaka 2015. Kwangu hakitahiniwi, na labda ndiyo sababu nilikisoma kwa siku tatu. Pembezoni dada ameandika kwa penseli kila mahali: "muktadha", "kinaya", "maudhui: uongozi". Kuna ukurasa mmoja tu ambapo hakuandika istilahi. Aliandika "Mwizi!" akapiga mistari miwili chini yake. Ni pale mambo ya mswada yanapohusika. Aliyewahi kukisoma atakumbuka: Amani aliandika kitabu, lakini kikachapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, na Majisifu akala sifa za kazi ambayo hakuitunga.

Nililitazama neno hilo la dada kwa muda mrefu. Katika riwaya, mkubwa anachukua kazi ya kijana. Kwetu mambo yamepinduka: wakubwa wanaifanya kazi wenyewe, kwa upendo kabisa, na kuandika jina la mtoto juu yake. Baba alishona sanamu. Mwandishi wa mwongozo alisoma Bembea ya Maisha kwa niaba yangu, akawaza kwa niaba yangu, akanipa mawazo yake yamepangwa kwa nambari. Sisi tumepokea alama. Katika hali zote mbili kuna kitu alichonyang'anywa mtoto, nacho ni ile nafasi ya kukosea kwa mkono wake.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa Mama amenipa: alama zina uzito, na mzazi hatamwachia mwanawe aanguke kwa ajili ya fikra nzuri za dada yake. Ni kweli. Mdogo wangu akifika sekondari ya msingi, kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zitabeba asilimia 20 ya matokeo yake ya mwisho, mtihani wa KPSEA wa kumalizia shule ya msingi asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa kumalizia sekondari ya msingi asilimia 60. Mzazi anayeona mtoto wa jirani amepeleka fremu ya chuma hawezi kulala. Lakini hofu hiyo haitaondolewa na mzazi mmoja mmoja. Itaondolewa shuleni. Mradi ufanyiwe darasani, kwa katoni na vijiti vilivyopo, mwalimu akipita katikati ya madawati. Ikibidi kazi iende nyumbani, basi ikirudi mtoto asimame aieleze kwa dakika mbili: ulianzaje, wapi palikushinda, ungebadilisha nini. Mdogo wangu angeweza kuzungumza dakika kumi juu ya viberiti vyake. Juu ya sanamu asingekuwa na la kusema.

Na kwa wanaotunga mitihani yetu ya fasihi ombi langu ni dogo. Tuulizeni, hata kwa alama chache, swali moja ambalo mwongozo hauwezi kulijibu. Tuulizeni ni mhusika gani tungeketi naye na tungemuuliza nini, nasi tuonyeshe kwa kitabu kwa nini. Walimu wapate hoja hapo, wapime kama msichana huyu amesoma au amekariri. Sisemi miongozo ichomwe. Wako wanafunzi wa shule zenye upungufu wa walimu ambao mwongozo ndio mwalimu wao. Lakini isitangulie kitabu. Anayeanza na mwongozo hana tena sababu ya kufungua kitabu, na hilo nalijua kwa kuwa nilikuwa mimi.

Wiki ijayo mdogo wangu, ambaye sasa yuko Gredi ya 6, ana mradi mwingine, wa kutengeneza kifaa kwa vitu vilivyotupwa. Nimemwomba Baba kwa simu ya shule asiuguse, naye amenikubalia. Nawaomba na wazazi wengine mnaosoma hapa: kazi ya mtoto ikiletwa jioni, kaeni karibu naye, mshikieni taa, mjibuni anapouliza, hata akiuliza kama ndovu anaogopa shati. Sindano mwachieni yeye.